Shauri jipya huanzaje Rumonge

Katika vilima vinavyoitazama Rumonge kutoka juu, mtu aliyegombana na jirani yake kuhusu mpaka hatakiwi kumkabili njiani wakamalizana hapo hapo. Humwendea mushingantahe, mzee anayeaminiwa na watu wa kilima, akamweleza kisa chake, na kwa desturi hutoa kinywaji cha wazee, kile ambacho Warundi hukiita agatutu k'abagabo. Kinywaji hicho kimelaumiwa sana, na lawama hizo ni za haki, kwa kuwa kiligeuka mzigo kwa maskini na mara nyingine rushwa. Lakini kilikuwa pia tangazo. Kikishatolewa, kilima kizima kinajua kwamba shauri fulani limefunguliwa: nani anamlalamikia nani, kwa ajili ya nini, na mashahidi gani waitwe.

Siku ya baraza wazee huketi, na anayesema hushika intahe, fimbo ambayo huipiga chini kwa mwendo wa maneno yake. Mlalamikaji hueleza, mlalamikiwa hujibu, mashahidi hufuata. Ikibidi wote huenda shambani kuliona jiwe au mti unaobishaniwa. Kisha wazee hujitenga, hushauriana, na hurudi na neno moja. Utaratibu wote huo unasimama juu ya sharti ambalo halitangazwi mara kwa mara kwa sababu kila mtu analijua: baraza lililoitwa kwa ajili ya mpaka linasikiliza habari ya mpaka. Mwenye malalamiko ya mbuzi wake aliyeibwa hayaingizi katikati. Mbuzi naye ana haki ya kusikilizwa, ila siku yake haijafika.

Sharti hilo linastahili kuangaliwa upya leo, kwa sababu watu wa ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika wanazungumza mengi kuliko zamani, mahali pengi kuliko zamani, na mashauri yao yanachanganyika kwa urahisi zaidi. Rumonge iko kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayoambaa ziwa hadi Nyanza-Lac. Ni mji wa ndagala na mukeke, wa mawese, wa Kirundi na Kiswahili vinavyopokezana katika sentensi moja. Wamo watu wenye ndugu Uvira, Kigoma na Kalemie. Mkutano wa watu kumi mwaloni unaweza kubeba bei ya mafuta ya injini, msiba uliotokea Baraka, deni la nyavu na uchaguzi wa kiongozi wa kilima, yote kabla jua halijawa kali.

Mmoja wa watu wa kwanza kuyaandika kwa kina maadili ya usemi ya Warundi kwa wasomaji wa nje alikuwa Ethel Albert, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Burundi kati ya 1955 na 1957. Mwaka 1964 alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala iliyoeleza jinsi zamu ya kusema ilivyopangwa kwa daraja na umri. Mkubwa husema kwanza, anayemfuata husubiri, na wadogo huja mwisho kama nafasi imebaki. Akaeleza pia namna mdogo anavyompinga mkubwa: huanza kwa kukubali kwamba mzee aliyetangulia amesema kweli, kwa kuwa ni mzee na anajua mengi, halafu taratibu hugeuza maneno mpaka yakasema kinyume.

Ustadi huo ni wa kujibu. Mdogo anajifunga kwenye maneno yaliyotangulia ili asionekane mkaidi, na katika jibu hilo ni jambo zuri. Taabu huanza pale adabu ya kujibu inapotumiwa kuleta jambo ambalo si jibu. Mtu anaitikia kwa heshima, anamsifu mzee aliyesema kuhusu mpaka, kisha anaingiza deni lake la mwaka jana. Wasikilizaji wanadhani bado wanazungumza mpaka. Mzee naye anadhani ameungwa mkono. Deni limetajwa, lakini hakuna aliyelipokea, na mwenye kudai ataondoka akiamini kwamba amelisema mbele ya watu.

Waswahili nao wana utaratibu wao, na wengi wameuzoea mno hata hawaoni ubora wake. Muhtasari wa kikao chochote cha chama, cha msikiti au cha shule huenda hatua kwa hatua: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, hoja za siku, mengineyo, kufunga. Yatokanayo ni mahali pa kujibu. Hoja za siku ni mahali pa kuanza. Vipengele hivyo viwili vimetenganishwa makusudi, na katibu anayejua kazi yake hamruhusu mjumbe kulipitisha jambo jipya kwa kujifanya linatokana na lile la mwezi uliopita. Mengineyo ndipo panapovuja. Hapo hutupwa kila kisichotayarishwa, saa ambayo nusu ya wajumbe wameshatazama mlango, na mambo mazito yaliyoletwa wakati huo hupitishwa kwa uchovu. Katika ofisi za Burundi zinazoandika Kifaransa kipengele hicho huitwa divers, na tabia yake ni ile ile.

Kwa nini mtu ajali haya yote? Jibu lenye uzito kuliko yote, kwa Rumonge, ni ardhi.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Watutsi wengi wa ufukweni waliuawa. Kisasi cha serikali ya wakati huo kilienea nchi nzima na kuua Wahutu wasiopungua makumi ya maelfu. Makadirio mengi hutaja watu kati ya 100,000 na 300,000. Waliookoka walivuka kwenda Tanzania, na wengi waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao ufukwe haukukaa mtupu. Mashamba yalichukuliwa na majirani, yakagawiwa na viongozi kwa familia zilizotoka mikoa mingine, na sehemu nyingine ziliingizwa katika mradi mkubwa wa michikichi. Mwaka 1986 sheria ya ardhi ilitambua kwamba aliyekaa juu ya ardhi kwa miaka 30 anaweza kupata haki juu yake. Watoto walizaliwa Mishamo wakisimuliwa mti uliokuwa mbele ya nyumba ya babu. Watoto wengine walizaliwa Rumonge chini ya mti huo huo.

Kuanzia 2008, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa 1972 walirudi kutoka makazi yale ya Tanzania, huku wengine wapatao 162,000 wakichagua kubaki na kukubaliwa uraia wa Tanzania. Serikali ya Burundi ilikuwa imeunda mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CNTB. Chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, padri Astère Kana, tume hiyo ilielekea kuzipatanisha pande mbili zigawane shamba. Alipokuja Monsinyori Sérapion Bambonanire kuanzia 2011, mwelekeo uligeuka: shamba lote lirudi kwa aliyelikimbia. Hasira zilizotokana na mgeuko huo bado zinasikika ufukweni. Mwaka 2014 ikaundwa Mahakama Maalumu ya kusikiliza rufaa za maamuzi hayo.

Sasa tuchukue shamba moja la michikichi, la mfano, lililo kati ya barabara na ziwa. Ndugu watatu wamerudi kutoka Tanzania na wanalidai. Aliyelima hapo tangu 1974 anasema alipewa na serikali na ana karatasi. Hilo ni shauri la kwanza, na lina mahali pake pa kusikilizwa. Lakini siku ya kusikilizwa, dada wa ndugu hao anasimama na kuuliza yeye atapata nini. Swali lake ni la haki kabisa. Mswada wa sheria ya mirathi umekwama Burundi kwa miaka mingi, na desturi inayoendelea kutawala humpa binti wa nyumbani kidogo sana au humnyima. Ila hilo ni shauri kati yake na kaka zake. Likiingizwa katika kesi ya mkimbizi na mkaaji, kaka wataambiana wanyamaze mpaka shamba lirudi kwanza, mkaaji atalitumia kuonyesha kwamba hata wao hawajui nani mwenye mali, na dada atajikuta ametumiwa na pande zote bila neno lake kuandikwa popote.

Anakuja jirani wa tatu, anayesema maji ya ziwa yamekula nyumba yake na kwamba mpaka wa shamba hilo lazima usogezwe. Aprili na Mei 2024 ziwa lilipanda hadi kuingia katika nyumba za watu Rumonge, Gatumba na mitaa ya Bujumbura, kwa hiyo hasemi jambo la kubuni. Tena Kanuni ya Maji ya 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika usiojengwa. Na ukingo wenyewe ukisogea, mita 150 zinapimwa kutoka wapi? Ni swali zito, la wapima ardhi na watu wa mazingira, na linahusu ufukwe wote kutoka Kabonga hadi Gatumba. Baraza la kuamua nani alilikimbia shamba mwaka 1972 haliwezi kulijibu, na likijaribu litaharibu mawili kwa mkupuo mmoja.

Halafu mzee mmoja, wa mwisho kabisa, anasimama na kusema kwamba baba yake alichukuliwa mwaka ule na hakurudi, na kwamba anataka kujua alizikwa wapi.

Kila mtu hunyamaza. Hakuna mwenyekiti anayeweza kumwambia mzee huyo kwamba yuko nje ya ajenda. Na bado, hapa ndipo utenganisho wa mashauri unapoonyesha kwamba ni heshima, kwa sababu kifo cha baba hakistahili kuwa kielelezo katika ugomvi wa michikichi. Kikitajwa hapo kitapimwa kwa faida yake kwenye kesi: je, kinathibitisha kwamba familia ilikuwa na shamba? Burundi iliunda mwaka 2014 Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo baadaye ilifukua makaburi ya halaiki sehemu kadhaa za nchi. Mtu anaweza kuilaumu tume hiyo kwa mengi, na wapo wanaoilaumu. Lakini kuwapo kwa mahali ambapo swali la "alizikwa wapi" ndilo shauri lenyewe, lenye jalada lake na jina la marehemu juu yake, ni jambo ambalo baraza la ardhi haliwezi kulitoa hata likiwa na huruma kiasi gani.

Wazo hili la kila shauri kuwa na mahali pake lilitumika katika mazungumzo makubwa kuliko yote ya Warundi. Mwalimu Julius Nyerere alipowakalisha Arusha kuanzia Juni 1998, pande zilizofika zilikuwa na hoja moja kila moja, na kila moja iliamini hoja yake ndiyo mlango wa zote. Zikaundwa kamati. Ya kwanza, kuhusu asili ya mgogoro, iliongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi yake. Demokrasia na utawala bora vilikwenda kwa Nicholas Haysom wa Afrika Kusini. Amani na usalama kwa padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio, leo kardinali wa Bologna. Ujenzi mpya na maendeleo kwa Georg Lennkh wa Austria. Ardhi na wakimbizi, mambo yaliyoigusa Rumonge kuliko yote, viliangukia kamati hiyo ya nne na vikaandikwa katika Itifaki ya Nne. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akachukua usukani, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 ukiwa na itifaki tano, kila moja na kichwa chake.

Kilichokosekana siku ile kilikuwa usitishaji wa mapigano. Makundi makubwa yenye silaha hayakuwa mezani, na haikuwezekana kulibandika jambo lao kwenye itifaki zilizokwisha kusainiwa na wengine. Ilibidi mazungumzo mapya yafunguliwe, na watu wapya, kwa jina jipya. Mazungumzo na kundi la CNDD-FDD yalifika kwenye makubaliano ya jumla Novemba 2003. Yale na kundi la Palipehutu-FNL yalifika mjini Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006. Ilichukua muda mrefu wenye maumivu, na watu wa kusini waliishi vita katika miaka hiyo. Hata hivyo mkataba wa 2000 haukufumuliwa kila kundi jipya lilipokuja. Uliachwa usimame, na la kwao likaanzishwa pembeni yake.

Teknolojia ya leo inadhaniwa kuwa imeyapita mambo haya, ilhali imeyabeba ndani yake. Kila barua pepe inapotumwa hupewa alama ya utambulisho isiyofanana na nyingine, sehemu ambayo msomaji haioni. Utaratibu huo umo katika hati ya kanuni ya mwaka 1982 iitwayo RFC 822, iliyoandikwa na David Crocker. Mtu akibonyeza kitufe cha kujibu, programu inaichukua alama ya barua ya kwanza na kuiandika ndani ya ile ya pili, ili mashine zijue kwamba hii ni mtoto wa ile. Anayetaka kuzungumza jambo jipya, lakini kwa uvivu wa kutafuta anwani akabonyeza jibu, akafuta maneno ya zamani na kubadilisha kichwa cha habari, anadhani amefungua shauri. Kwa programu nyingi bado amejibu. Barua yake itapangwa chini ya mjadala wa miezi mitatu iliyopita, na aliyekwisha kuuzika mjadala huo hataiona. Gmail, iliyoanza Aprili 2004, huutenga ujumbe uliobadilishwa kichwa, lakini mtumaji hawezi kujua kila mpokeaji anatumia nini. Njia iliyo salama ni kufungua ukurasa mtupu na kuandika anwani upya. Ni kazi ya nusu dakika.

Kwenye makundi ya WhatsApp, ambako wavuvi, wachuuzi na ndugu waliotawanyika kutoka Rumonge hadi Kigoma na Ulaya hukutana kila siku, hakuna hata upangaji huo wa kusaidia. Maneno yote yanapita katika mto mmoja. Tangazo la msiba linaweza kuingia kati ya bei mbili za mawese, na mtu akatuma kidole gumba kwa ajili ya bei kikasomwa kama jibu la msiba. Kwa hiyo mzigo wote uko kwa anayeanza. Asitumie kitufe cha kumjibu mtu kama hamjibu. Aseme mwanzoni kwamba ni jambo jingine, alitaje jina, aseme linamhusu nani na anataka jibu gani, kabla ya lini. Na kama katikati ya mjadala wa wengine amekumbuka jambo lake, aliache mpaka wao wamalize. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa jambo lililokumbukwa huwasha mdomo.

Wapo wanaosema utaratibu kama huu unawapendelea wazoefu: wale wanaojua kuomba nafasi, kuandika kichwa, kutafuta ofisi sahihi. Hoja yao ina nguvu, hasa Rumonge, ambako aliyerudi kutoka Mishamo hakuijua lugha ya karatasi za Bujumbura na mwanamke wa kilimani aliweza kuzungushwa ofisi nne bila kusikilizwa. Dawa yake ni kuwa na mtu wa kupokea. Baraza linalomwambia mama "hili si la leo" lina wajibu wa kumwambia, kwa pumzi hiyo hiyo, ni la siku gani, kwa nani, na nani atamsindikiza. Mushingantahe mwema alifanya hivyo. Karani wa mahakama anaweza kufanya hivyo, na msimamizi wa kundi la simu pia.

Tuseme mama anayeanika ndagala kwenye mchanga wa Rumonge ameona eneo lake limefunikwa na maji, na anataka kundi la mwaloni lilizungumze. Wenzake tangu asubuhi wanabishana kuhusu injini iliyopotea. Anasubiri adhuhuri, wakati ubishi umetulia, kisha anaandika: "Wakubwa na wenzangu, salaam. Hili ni jambo jipya, halihusu injini. Mahali pa kuanikia ndagala: maji yamefika kwenye vichanja vya kusini. Linahusu waanikaji na wenye mitumbwi inayoshusha upande huo. Naomba kila mmoja aseme kama anakubali tuombe eneo la juu ya barabara. Jibuni kabla ya Alhamisi, niende kwa mkuu wa kilima na majina." Majibu yanaanza kuingia: wawili wanakubali, mmoja anahofia wezi barabarani, mwingine anauliza kama eneo hilo lina mwenyewe. Mmoja anaukumbuka ushuru wa mwaloni na kuanza kulalamika. Mama anamjibu kwamba ushuru unamuuma yeye pia, na kwamba Ijumaa atauandikia ujumbe wake peke yake, wakishajua ndagala zitaanikwa wapi.